Shangazi wa Bundi

Vumbi la Gachoka halimwachi mtu, hata mhubiri. Lakini mama yule aliingia ofisini saa sita mchana, kiangazi cha tisini na mbili, miguu safi kama ameshuka tu kitandani. Kawira aliiona ile miguu. Bwana Muchangi, mkubwa wa ofisi, aliona tabasamu. Wanaume!

Kawira alikuwa mwanafunzi wa chuo, ametumwa kwenye shirika hilo la watoto ajifunze kazi. Mambo ya vitabuni aliyaacha mlangoni. Kutwa nzima alimbeba Bundi, mtoto wa miaka miwili aliyefiwa na mama. Ndugu akitokea, Bundi anapewa ndugu. Ndiyo kazi ya shirika.

"Mimi ni shangazi yake," mama akasema polepole. "Nimekuja kumchukua."

"Mungu ni mwema!" Muchangi akashangilia. "Kawira, mpe mtoto."

Kawira hakusogea. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji, na mbuzi waliolala kivulini pale nje wakainuka, wakaondoka kimyakimya bila kufukuzwa, na Bundi, ambaye hata mbwa hamwogopi, akamchimba Kawira shingo kwa kucha na kuficha uso, akitetemeka kama mwenye malaria.

"Shangazi," Kawira akanong'ona, "mtemee mate kwanza. Kwetu shangazi hampakati mtoto wa kaka yake kabla hajambariki kifuani."

Muchangi akacheka. "Wewe msichana, hiyo umefundishwa chuo gani?"

"Kwa nyanya yangu, Bwana Muchangi. Wacha ateme."

Mama akafungua kinywa. Akajaribu, akajaribu tena, na humo hamkuwa na unyevu wala ulimi, ni weusi tu ulioshuka chini kama shimo la choo, na kutoka kwenye weusi huo likapeperuka jivu laini, likatua juu ya meza, juu ya mikono ya Muchangi, juu ya kicheko chake kilichokatika.

Kawira akamtemea Bundi mwenyewe, ptu, kifuani. "Huyu ni wangu!"

"Basi huyu umeniwahi," mama akasema kwa upole uleule, akatoka. Nje juani hapakuwa na mtu.

Kawira akarukia simu. "Niwaambie wenzetu wa Meru, wasije wakampa..."

Muchangi akaikandamiza simu kwa kiganja, jasho likimtiririka. "Utawaambia nini? Jini? Watasema tumepata wazimu. Na ripoti yako ya chuo ni mimi naitia sahihi. Nyamaza!"

Kawira akaiachia simu. Cheti alikitaka.

Kesho yake simu ikalia. Ni Nkirote wa ofisi ya Meru, anacheka kwa furaha. "Kawira, kale kasichana ketu Karwirwa kamepata kwao! Shangazi yake amekuja, mama mpole ajabu."

"Mlimwambia ateme mate?"

"Ateme kwa nini? Wameshaondoka."