Mkono wa Kipa

Mara ya kwanza Rudia alidhani ni macho yake tu. Kwenye kioo cha kompyuta, marehemu kaka yake aliruka kuipangua ile penalti iliyowapa kombe. Watu wote wanajua aliupiga mpira ngumi. Leo uligusa ncha za vidole tu.

Rudia, jina alilobandikwa kwenye kituo cha televisheni kwa kazi yake ya kurudiarudia picha za mechi, akairudisha. Mpira ukagusa ukucha.

Chumba cha kuhariria hakikuwa na dirisha, ila kilinuka majani mabichi na dawa ya kuchua misuli. Akamwita mtangazaji.

"Yule nyuma ya goli ni nani?" mtangazaji alinong'ona.

"Yupi?"

"Uwanja mzima unatazama mpira. Yeye anatutazama sisi." Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. "Usiirudishe tena, ndugu yangu. Huyo si mtu."

Jioni kipindi chenye penalti hiyo kingerushwa, na mama yao, aliyemsimulia kila mgeni ule mkono wa mwanawe, angekuwa mbele ya televisheni. Rudia aliogopa, lakini mazoea yana taabu: maisha yake yote kasoro aliziondoa kwa kurudia. Akabonyeza, na kaka yake akaruka, na yule wa nyuma ya goli akawa amesogea hadi kwenye nyavu, kidole kimepenya tundu, na vidole vya kaka yake vikachelewa, vikachelewa kwa unywele mmoja tu, na mpira ukapita ukaingia, na uwanja uliokuwa ukilipuka kwa shangwe ukanyamaza kimya.

Akampigia mama simu. "Mama, ile penalti ya kaka..."

"Mbona unanitonesha kidonda, mwanangu? Si alifungwa? Alikufa nayo moyoni."

Rudia alilia. Kisha akaifuta picha yote, hata nakala yake, na harufu ikaisha.

Akaenda kwa mama. Nakala moja ilibaki, kichwani mwake, nayo hakuna wa kuichezea. Akaketi miguuni pake, akamshika mkono. "Mama, alipangua. Ngoja nikusimulie."

Akafumba macho akumbuke vizuri. Mpigaji akaja mbio. Kaka yake hakuruka. Langoni hapakuwa na kaka yake. Alisimama yule wa nyuma ya goli, amevaa glavu za kaka yake.

Mama akakunja pua. "Mwanangu, umetoka uwanjani? Unanuka majani."