Nani Kaezua Nyumba ya Bigwa?

Paa halikuwepo.

Inspekta Martina alisimama katikati ya sebule, akainua shingo, akaiona milima ya Uluguru pale ilipopaswa kuwepo dari. Nyumba kubwa ya zamani, kuta nene kama za gereza, baraza la kuozeshea mabinti wanne kwa mpigo. Ila juu, upara mtupu.

"Wamebeba vigae, wamebeba kenchi, mpaka ubao wa mwisho!" Thobias alifoka. Huyu ndiye mnunuzi, katoka Dar na hamu ya kuikarabati. "Masika hayo yanakuja. Kuta za udongo na chokaa zikinyeshewa wiki moja zinakuwa uji. Nyumba inakufa, afande!"

"Nani alikuuzia?"

"Abeid. Mtoto wa kiume pekee wa nyumba hii. Aliniambia ndiye mrithi."

"Funguo?"

"Ninazo, na mlinzi nikamweka. Naye simwoni!"

Martina akainama kukagua eneo la tukio. Wezi wa Morogoro anawajua: kuku, pikipiki, nyaya za umeme. Hawana adabu ya kufagia. Hapa hapakuwa na kigae kilichovunjika, hata kipande. Uani palikuwa na majivu ya majiko makubwa, karafuu, na mifupa ya mbuzi.

"Konstebo Said, umewahi kuona mwizi akipika pilau?"

"Mwizi hata chai hanywi, afande."

"Basi hapa palikuwa na shughuli."

Jirani, Bi Sabra, alikuwa barazani kwake akichambua mchicha.

"Shikamoo, bibi. Uliwaona walioezua ile nyumba?"

"Marahaba. Niliwaona, mchana kweupe. Wanaume juu, wanawake chini wanapokezana vigae, wanaimba."

"Na polisi hukupiga simu?"

"Niseme nini? Mwenyewe si alitangaza mtaa mzima kwamba anakarabati? Watu wakakarabati."

"Bibi, usinichezee! Vigae vimekwenda wapi?"

"Lori lilishika njia ya Mlali," alisema Bi Sabra, akarudia mchicha wake.

Huko Mlali hapakuwa na haja ya kuuliza. Kilimani kilisimama kibanda cha udongo kilichovikwa paa jekundu la kisultani, nalo liling'aa hata ndege wa angani wakawa wanapita mbali kulinda macho yao. Mlangoni walikaa bibi kizee na binti yake, Shadia.

"Mmechelewa," bibi alisema.

"Shikamoo. Nani aliezua nyumba ya Bigwa?"

"Marahaba. Mimi."

"Nawe ni nani?"

"Mosi. Mama yake Abeid."

Thobias, aliyekuja nao, akarudi nyuma hatua. "Haiwezekani! Mama yake Abeid ni marehemu. Aliniambia mwenyewe, akalia mbele yangu. Nikampa na ubani!"

Bi Mosi aliinuka. Akagonga fimbo yake chini.

"Umesikia, afande? Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba yake Abeid alikuja kuoa, akajenga juu ya ardhi yetu. Nikiondoka, nyumba ni ya Shadia. Abeid akanileta huku kwa Shadia, eti nipumzishe mguu. Narudi kwangu, nakuta kufuli geni na mlinzi ananiambia: bibi, mwenye nyumba kafa, mwanawe kauza. Mimi, nimesimama pale na fimbo yangu!"

"Ungekuja kituoni."

"Maiti inafungua kesi? Nikaita ukoo. Nikasema, kama nimekufa, arobaini yangu iko wapi? Tukachinja mbuzi, tukasoma dua, tukala. Kisha mirathi ikagawanywa kama ilivyo ada. Shadia akarithi paa."

"Na mlinzi?"

"Alikula sahani mbili, akaona haya, akashika ngazi."

"Na pilau alipika nani?"

"Sabra. Mkono wake mtamu."

Konstebo Said akageuka kuficha kicheko. Martina hakucheka. Jioni ile Abeid alikamatwa stendi, begi mkononi, akaletwa kituoni na pingu.

"Ulimwambia mnunuzi mama yako kafa?"

"Sikumbuki."

"Usinipotezee muda! Mama yako yuko nje ya mlango huu."

Abeid akapiga meza. "Ndiyo, nilisema! Lile baraza nimelijenga mimi. Paa nililipanda mimi kila masika, Shadia akiwa kwa mumewe. Halafu wajomba wananiambia nikifa wanangu wafungashe. Nimechoka kuwa mgeni kwetu!"

"Kwa hiyo ukamzika mama?"

"Angekuwa hai, nyumba isingeuzika."

Martina akafungua mlango. "Thobias, umeuziwa na asiye na haki ya kuuza. Utamdai yeye mahakamani. Nyumba ni ya bibi."

"Vigae vinarudi Bigwa kesho," alisema Bi Mosi, "kabla ya mvua."

Abeid akamgeukia, hasira imemwisha ghafla. "Mama, usiniache nilale mahabusu. Niwekee dhamana."

Bi Mosi akamtazama mwanawe kutoka unyayo hadi utosi.

"Afande, mwambie kijana huyu," alisema. "Maiti haimwekei mtu dhamana."