Pundamilia Katika Nyasi za Mwezekaji

Tone la maji lilianguka ndani ya beseni. La pili likafuata.

Mwezekaji alisimama mlangoni kwa mkwe wake, mkono kiunoni, macho juu. Hii ilikuwa mvua ya kupita tu. Mvua zenyewe bado. Paa hili aliliezeka yeye mwenyewe, na halijamaliza hata mwaka.

"Mama, mtoto amelowa tena," mkwe wake alisema, akimhamishia mtoto bega la pili.

Hakulaumu. Hilo ndilo lililouma zaidi. Watu walimwita Mwezekaji mpaka jina lake la kuzaliwa wakalisahau. Sasa fundi wa nyumba za watu alikuwa amemwezekea mjukuu wake chujio.

"Nitakata nyasi nyingine," alisema. "Kesho tunashuka bondeni. Zile nimezipumzisha vizuri."

Kupumzisha lilikuwa neno lake. Aliamini nyasi ni kama mtu: ikipumzika, inapata nguvu. Aliwafukuza ng'ombe bondeni. Alikata kidogo, akaacha nyingi zisimame mwaka baada ya mwaka. Nyasi ndefu ndiyo nyasi nzuri, alisema, na hakuna aliyembishia.

Asubuhi walimwacha mtoto kwa jirani, wakashuka na mundu na kamba. Ukungu ulikuwa haujainuka. Mwezekaji alitangulia. Ghafla akasimama, mkwe wake akamgonga mgongoni.

Katikati ya nyasi kulikuwa na mistari. Mistari ikageuka. Ikawa na masikio.

"Mama," mkwe alinong'ona, "tunaona kitu kimoja?"

Mwezekaji alikaza macho. Pundamilia aliwajua kwenye picha za kalenda tu. Hawa walikuwa wazima, wanene, wanapumua. Na walikuwa wanatafuna.

"Wanakula nyumba ya mtoto," alisema mwishowe. Akainua mundu, akapiga hatua.

"Usiwafuate, mama yangu."

Nyuma yao alisimama mhifadhi wa wanyamapori, mwanamke mwenye buti zilizojaa matope. "Teke la pundamilia linavunja taya," alisema. "Ukiwaona, kaa mbali. Usiwarushie kitu. Rudi nyuma polepole."

"Nani kawaleta hapa?"

"Sisi, pamoja na ninyi. Tulikubaliana mkutanoni. Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu ya paa la watu."

"Basi habari zilipita chini yako. Hawa si wageni. Waliishi bonde hili kabla hujazaliwa. Wakawindwa mpaka wakaisha. Tumewarudisha ili bonde lipone."

"Bonde langu haliumwi. Huoni nyasi zilivyorefuka?"

"Naziona juu. Hebu tazama chini."

Mwezekaji alicheka. Kumwonyesha yeye nyasi ni kumfundisha samaki kuogelea. Alipiga magoti, akatenganisha mashina kwa mikono miwili.

Kicheko kikakatika.

Chini kulikuwa na nyasi kuukuu, nyeusi, zimelaliana na kuoza. Chini ya hizo, ardhi ilikuwa tupu na ngumu kama sakafu. Hapakuwa na chipukizi hata moja. Alivuta shina, likang'oka bila kushindana. Akalipinda, likavunjika kama njiti ya kiberiti.

Akaketi pale pale. Nyasi kama hizi ndizo alizozifunga juu ya kitanda cha mtoto.

"Nilizipumzisha," alisema taratibu.

"Ulizifunika," mhifadhi alijibu, akachuchumaa karibu naye. "Nyasi isipoliwa wala kukatwa, ya zamani inainyima mpya jua. Halafu kiangazi kikikaza, bonde zima linakuwa kuni. Cheche moja tu, na moto unabisha hodi mlangoni kwako. Pundamilia wanakula hizi ngumu ambazo wengine wanazisusa. Nyumbu watakuja baadaye, wao wanapenda nyasi fupi. Kwato zao zinavunja ardhi ngumu, maji yanaingia. Kinyesi chao ni mbolea."

"Kwa hiyo tumepata wapangaji, mama," mkwe alisema. "Na kodi wanalipa kwa kinyesi."

Mwezekaji hakucheka. "Na mimi nikate wapi?"

"Kwa zamu. Tutaweka uzio. Upande mmoja wao, upande mmoja wako. Wako ukikomaa, kata zote, usibakize za mwaka jana. Msimu ujao mnabadilishana."

"Na mtoto alale wapi mwaka huu?"

 

Msimu ule mtoto alilala chumbani kwa bibi yake. Nyumba ya mkwe ilifunikwa turubai, na wapita njia hawakuchelewa kusema. "Mwezekaji, siku hizi unaezeka plastiki?" Alimeza maneno kama dawa chungu. Alikata upande wake wote, mpaka mkono ukavimba. Mkutano uliofuata, alifika kabla ya viti.

Mvua zilinyesha, zikapita. Nyasi zilipokomaa, alishuka upande uliokuwa umeliwa na pundamilia, ambao sasa ulikuwa zamu yake. Hakuamini macho yake. Palepale palipokuwa tupu, mashina yalikuwa yamesongamana, membamba, yamenyooka. Alipinda moja. Likapinda, likarudi. Akapinda jingine, na jingine, kama mtu anayetafuta uongo.

"Mama, tukate au unayasalimia?" mkwe aliuliza.

"Acha niyasalimie kwanza, mwanangu."

Walikata, wakafunga miganda, wakaezeka. Mvua kubwa ya kwanza ilikuja na upepo. Mwezekaji aliketi ndani kwa mkwe wake, macho juu, beseni mahali pake pa zamani. Mtoto alikuwa kitandani, anachezea vidole vyake. Mvua ilipiga paa, ikapiga, ikachoka.

Mkwe aliinama, akapitisha kiganja ndani ya beseni. "Kavu," alisema.

Mwezekaji aliendelea kukodolea paa macho. Kisha akashusha pumzi.

"Basi lijaze maji ya moto," alisema. "Mtoto hajaoga."