Gari Lisilolala

Mama Chiriku alilala usiku kucha, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Kwa miezi minane, tangu baba mkwe wake azikwe, usingizi wake ulikuwa wa kuibiaibia, saa moja hapa, nusu saa pale. Hakulalamika. Mama gani mwenye mtoto, kazi na mama mkwe chini ya paa moja analala? Sasa alifumbua macho jua limeshaingia dirishani, mate yamemkaukia shavuni, na nyumba kimya. Kimya hicho hakikuwa cha kawaida, kwa maana binti yake wa miaka saba aliitwa Chiriku kwa sababu ya mdomo wake.

Kitanda cha mtoto kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooka kama halijawahi kulaliwa.

Alimkuta nje, ndani ya gari. Chiriku alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva na sare yake ya shule, vifungo vyote vimefungwa, mikono yote miwili juu ya usukani. Alikuwa akivuma puani, sauti moja nyembamba isiyopanda wala kushuka.

"We mtoto, umeamka saa ngapi?"

"Sijalala, mama."

"Acha uongo. Shuka, utachelewa."

"Kweli sijalala. Lenyewe halijalala, mimi nitalalaje?"

Mbele ya mtoto, pale kwenye dashibodi, taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka kwa unyonge kama kaa lililofukiwa majivuni. Taa ile huwaka ufunguo ukiwashwa. Ufunguo ulikuwa jikoni, umetundikwa msumarini.

Alimshusha mtoto, akajisemea kwamba ni ile alternata mpya.

Gari lilikuwa la baba mkwe: la dizeli, refu, la bati nene, la kupanda milima, kongwe kuliko Mama Chiriku mwenyewe. Kwa gari hilo alipeleka chanjo kwenye zahanati za juu, kule ambako magari mengine huishia njiani. Tatizo lilikuwa alternata, kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri. Ilikuwa ileile ya siku gari lilipotoka kiwandani, na umeme wake ulitosha taa mbili na honi yenye mafua. Friji ndogo ya chanjo ilikuwa imemzimikia njiani mara mbili. Mara ya pili alimwaga chanjo za watoto arobaini, na msimamizi wake akamwambia kwamba ya tatu atampa kazi mtu mwenye gari zima.

Ndipo alipomwita Fundi Waya, ambaye alikuwa na maneno mengi kuliko spana. Alishinda chini ya boneti siku nzima. Alternata mpya ilikuwa kubwa, haikukubali kukaa mahali pa ile ya zamani, ikabidi achonge kishikio, aongeze washa mbili za bati, atafute mkanda mrefu zaidi na kuvuta waya mnene kama kidole gumba.

"Ile ilikuwa inachaji kama mzee anayepanda ngazi," alisema akijifuta mikono. "Hii ni ng'ombe. Utaendesha friji, taa, hata ukitaka kupiga pasi."

"Ya zamani iko wapi?"

"Ya zamani inabaki dukani, ndiyo kawaida yetu. Wameshaifumua, wametoa shaba. Na ile habari ya kuchomoa terminali kila jioni, mama, isahau leo. Hii haivujishi umeme."

Terminali ni kile kichwa cha risasi kinachobana waya kwenye betri. Kila siku jua likizama, kwa miaka ishirini na sita, kabla ya kwenda kwenye lindo lake la usiku, marehemu alifungua boneti, akalegeza terminali kwa vidole vitupu, akaiinua na kusema kwa sauti yake ya mkwaruzo, "Lala. Mimi niko macho." Nyumba nzima ilimcheka. Alipofariki, Mama Chiriku aliirithi kazi hiyo, kwa sababu marehemu alisema kila mara kwamba isipochomolewa, asubuhi betri itakuwa imekufa. Hata yale maneno aliyasema, kwa sauti ya babu, ili amchekeshe mtoto.

Jana jioni, kwa mara ya kwanza, hakuchomoa.

Siku ya pili gari liliwaka kabla hajamaliza kugeuza ufunguo. Friji iligandisha mpaka mlango ukaota barafu, na chanjo zilifika salama. Chiriku hakulala. Siku ya tatu alikaa mezani bila kusema neno, akivuma. Hakuonekana mchovu, ila mashavu yalikuwa yameanza kuingia ndani, na Mama Chiriku alipoinama kumsuka alisikia kwenye nywele zake harufu ya shaba iliyopata moto. Akamwogesha. Harufu haikutoka.

Na yeye je? Yeye alilala kama gogo. Aliweka kiti mlangoni kwa mtoto ili amlinde, akaapa hatafumba jicho, na kufumba na kufumbua kukawa kumepambazuka, shingo imepinda, na Chiriku amesimama hatua moja mbele yake, hapepesi, anamtazama mama yake alivyokuwa amelala.

"Unalala vizuri sana siku hizi," mtoto alisema.

Haikuwa sauti ya mtoto kumpongeza mama. Ilikuwa ya mtu anayepima.

Mchana wa siku ya nne, jua la utosi, Fundi Waya aliitwa tena, akarudi na kipimo chake. Safari hii hakuja na mzaha, kwa sababu alikuwa amemwona mtoto pale kizingitini. Akagusa betri kwa ncha mbili za kipimo.

"Mama, njoo uone. Betri iliyopumzika husoma volti kumi na mbili na kitu. Kumi na nne ni gari linapounguruma. Hii ni kumi na nne na nusu."

"Kwa hiyo?"

Fundi alishusha sauti. "Kwa hiyo injini imezimwa, mkanda hauzunguki, na kuna kitu kinachaji. Kutoka wapi?"

Pale kizingitini Chiriku alikohoa, mvumo ukakatika. Namba kwenye kipimo ziliporomoka: kumi na tatu, kumi na mbili. Kisha mtoto akavuta pumzi, akaanza tena kuvuma, na namba zikapanda taratibu, moja baada ya moja, kama mtu anayepanda ngazi akijua kwamba huko juu anasubiriwa.

Fundi Waya akavaa glavu na kuing'oa terminali kwa spana. Taa nyekundu haikuzimika. Waya ulikuwa unaning'inia hewani, haugusi chochote, na taa ikazidi kuwa nyekundu, na mvumo wa Chiriku ukapanda mpaka vioo vya gari vikaanza kutetemeka kwenye fremu zake, na harufu ya shaba ikajaa ua mzima, na ndani ya mvumo huo, chini yake kabisa, wote wawili wakasikia pumzi ya pili, nzito, isiyo ya mtoto, ikivutwa mtoto anapovuta na kutolewa mtoto anapotoa.

"Vua glavu zako ukae kando," sauti ilisema nyuma yao. "Wewe si wa nyumba hii."

Alikuwa mama mkwe, na fimbo yake.

"Mama," Mama Chiriku alinong'ona, "hiki ni nini?"

"Mume wangu alilinunua gari hili na kilichomo. Mlimwona akichomoa waya, mkadhani anatunza betri. Alikuwa analilaza jini. Lile haliwezi kulala mpaka mtu alikeshee. Alilishika kwa mkono wake, akalipa usingizi wake. Unadhani alipenda kazi ya ulinzi wa usiku? Angefanya nini tena, mtu asiyelala?"

"Kwa nini hamkuliuza?"

"Aliliuza mara mbili, likarudi mara zote. Mara ya pili mnunuzi alilirudisha, akiwa amebeba mtoto mgongoni anayevuma hivihivi. Baada ya hapo ungemuuzia nani? Lisipopewa mtu, hujichukulia. Na huchukua mdogo."

"Ulijua, na hukuniambia?"

"Nilikuona unachomoa waya na kusema maneno yake. Nikadhani anayeshika anajua anachoshika." Kikongwe alitazama pembeni. "Tangu juzi najaribu mimi, nyote mkiwa ndani. Halinitaki. Miaka niliyobakiza hailishi hata taa hiyo."

Mama Chiriku alitazama mikono yake. Miezi minane. Macho makavu kila alfajiri, nguo zilizofuliwa kabla jogoo hajawika, majirani wakimsifu kwa kujituma. Alidhani ni umama.

Fundi Waya alikuwa ameshafika getini. "Mama, naweza kuifungua alternata, nikakurudishia pesa yako..."

"Iache," alisema. "Friji inafanya kazi vizuri."

Akakunja mikono ya gauni. Akaidaka terminali iliyoning'inia; ilikuwa ya moto, lakini hakuiachia. Akaiinua juu, na safari hii hakuigiza sauti ya babu. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ile anayotumia kumaliza ubishi mezani:

"Lala. Mimi niko macho."

Kitu kilitoka nyuma ya macho yake kama uzi unaochomolewa kwenye pindo, mrefu, taratibu, mpaka mwisho. Taa ikazimika. Vioo vikatulia. Pale kizingitini Chiriku alipiga miayo, akajikunja sakafuni na viatu vyake miguuni, akaanza kukoroma.

Alilala mchana ule, akalala na usiku wake. Alfajiri Mama Chiriku alikuwa jikoni, sare imepigwa pasi, chai imechemka, sakafu imepigwa deki mara mbili. Hakuhisi uchovu wowote. Mama mkwe alitokea mlangoni, akasimama kidogo akimsikiliza.

"Umelala?"

"Hapana, mama."

"Basi vuma kwa chini," kikongwe alisema. "Usije ukamwamsha mtoto."

Ndipo Mama Chiriku, chuma cha pasi kikiwa bado mkononi, aliposikia sauti ile ilikuwa inatoka wapi.