Nywele Nyuma ya Almasi

Unywele wa kwanza Bilqis aliukuta kwenye wali wa mumewe. Mrefu, mweusi tii, unanukia yasmini. Na yeye, mtaa mzima unajua, hupaka mafuta ya nazi tu.

"Wa nani huu?"

"Wako, wa nani tena?" Ghiyas hakuinua hata macho.

"Usinifanye mtoto, bwana! Kama umeoa, sema."

Ghiyas alikuwa fundi vito wa Nawabu, mtawala wa mji. Wiki ile kasri ilimletea Shabnam, almasi kubwa kama yai la njiwa, ambayo wafalme wanne walinyang'anyana kwa upanga. Kwanza kabisa ilikuwa ya Begum mmoja, mke wa mfalme, akanyongwa ili avuliwe. Sasa Nawabu mpya anatawazwa kesho, na karatasi ya fedha inayobandikwa nyuma ya jiwe ili ling'ae ilikuwa imefifia. Ghiyas alitakiwa aibadilishe. Askari walikaa mlangoni, na mwanamke haruhusiwi kuingia karakana.

Haruhusiwi! Basi sauti ya kike aliyoisikia mle ndani ilikuwa ya nani?

Adhuhuri Bilqis alizunguka uani, roho inamwaka wivu, akachungulia dirishani akitegemea kumwona huyo mwizi wa waume, lakini alimwona Ghiyas peke yake, amechuchumaa, macho yamemtoka, mkononi ana kitana, anachana hewa, taratibu, juu mpaka chini, na kila kitana kikishuka kinatoka na nywele.

"Zangu ziko wapi?" sauti ikauliza.

Bilqis alipiga ukelele. Ghiyas akaanguka.

Pir Sahebu, shehe mwagua majini, aliitwa kwa siri. Alisikiliza, akauliza, "Ulikuta nini nyuma ya jiwe?"

"Kishungi cha nywele," Ghiyas akanong'ona. "Nikadhani uchafu. Nikakichoma."

"Mjinga we! Zile nywele za Begum. Jini alimpenda, hata sauti yake anaiga; akafungiwa humo nazo ili atulie. Rudisha nyingine, za maiti. Za aliye hai atazifuata kwa mwenyewe."

"Alasiri wanachukua jiwe! Maiti nitamtoa wapi?"

Bilqis alimtazama mumewe, jinsi alivyokonda kwa siku chache. Alimpenda, basi. Akachukua mkasi, akakata msuko wake wote.

"Bibi wee, umesikia nilivyosema?" Pir akafoka.

"Nimesikia. Mume wangu sigawani na mtu."

Ghiyas alibandika kishungi chake kimoja nyuma ya jiwe, akaziba kwa karatasi mpya. Jiwe likaenda kasrini likimeremeta.

Nyumba ikatulia kweli. Kesho yake mizinga ya kutawazwa ililia, Ghiyas akala akashiba, akacheka. Akamwinamia mkewe aliyekuwa amempa mgongo.

"Umebadilisha mafuta? Unanukia yasmini."

"Hata."

Akamvuta ushungi. Nywele zilizokatwa jana zilimwagika mpaka sakafuni, na zilikuwa zinatengana zenyewe, taratibu, juu mpaka chini.

Bilqis hakugeuka.

"Polepole," akasema, na hakuwa anasema na mumewe. "Unaniumiza kichwa."