Meni Swichi ya Mzee Chandu

Saa saba kamili mchana, Mzee Chandu hufunga duka. Si saa saba na dakika mbili. Duka lake la steshenari liko Mchafukoge, hatua chache kutoka Kariakoo, na majirani hurekebisha saa zao kwa mlio wa mlango wake wa chuma. Kabla ya kufunga, huzima meni swichi, ile swichi kuu ya umeme wa duka. Duka la jirani liliwahi kuungua kwa shoti ya umeme, na tangu siku hiyo Mzee Chandu hawezi kumeza chakula akijua umeme umebaki peke yake dukani. Kisha hupanda ghorofani kwa mkewe, Champaben. Anakula dali na chapati, analala kidogo, na saa tisa anafungua tena. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Basi, ilikuwa mwaka 2007. Biashara huria ilikuwa imejaza kompyuta zilizotumika pale Kariakoo, na Mzee Chandu naye alinunua moja. Binti yake, Alpa, aliiwekea Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha. Alpa alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Kwa miezi sita alizunguka Ilala akipima maji ya visima thelathini na viwili. Ripoti yote ilikuwa ndani ya kompyuta ile. Nakala nyingine hakuwa nayo. Na ripoti ilitakiwa chuoni Jumanne, saa nne asubuhi. Asiyeileta anarudia mwaka.

Jumatatu, printa mpya ilikataa kuelewana na kompyuta. Alpa akaamua kusasisha mfumo, yaani kuleta matoleo mapya ya programu zake kwa intaneti. Kazi ilianza saa sita na nusu, na kompyuta ikaonyesha kuwa itachukua kama saa nzima. Alpa alizima kioo tu, akaiacha kompyuta iendelee. Akapanda juu kumsaidia mama yake kusukuma chapati. Baba yake alikuwa anahudumia mteja, kwa hiyo hakumwambia kitu, na swichi haikumjia akilini.

Saa saba kamili, mlango wa chuma ukalia.

Saa tisa Alpa aliwasha kompyuta. Picha aliyoizoea haikuja. Kioo kilikuwa cheusi, kina mistari michache ya maandishi meupe. Akaizima, akaiwasha tena. Ikawa vile vile. Akakaa sakafuni kati ya maboksi ya madaftari, mikono kichwani. Champaben aliposhuka na chai, alidhani wamepata msiba.

"Visima vyangu, mama," Alpa alisema. "Vyote vimepotea."

Goodluck, muuza simu wa duka la pili, alisikia akaja. Alitazama kioo mara moja tu, akasema ipigwe fomati, iwekwe mfumo mpya, na jioni itakuwa kama imetoka dukani. Mzee Chandu, kwa kuchanganyikiwa, alikwisha kuitikia kwa kichwa. Msomaji, fomati hufuta kila kitu! Goodluck ni kijana mwema, lakini alikuwa tayari kuosha chombo pamoja na chakula kilichomo. Alpa alikataa, akatoka mbio kumwita Candida.

Candida ni fundi kompyuta, mwenyeji wa Masasi, na ofisi yake ilikuwa mtaa wa pili. Alimwamkia Mzee Chandu, akavuta stuli, akakaa. Hakugusa chochote. Kwanza aliuliza kompyuta ilikuwa inafanya nini kabla ya kuharibika. Alpa akamweleza kwamba aliiacha inasasisha mfumo, akaenda kula.

Mzee Chandu akaganda. Chai ilimmwagikia mguuni asiisikie. Mkono wake wa kulia, ule wa swichi, ukaingia mfukoni.

"Nataka kujua jambo moja," Candida alisema. "Kama ilizimika yenyewe, huenda diski inakufa. Hapo siigusi. Nitaipeleka kwa wataalamu wa diski, na watakaa nayo siku nne. Lakini kama umeme ulikatika, naanza sasa hivi."

"Umeme ulikatika," Mzee Chandu alisema upesi. "Si unaujua umeme wetu wa hapa Bongo."

Champaben akamgeukia kwa mshangao. "Saa ngapi? Mbona feni ya juu ilikuwa inazunguka muda wote tunakula? Wewe mwenyewe ulisema niipunguze."

Mzee Chandu alitazama swichi ukutani kama vile imemsema mbele za watu.

"Ni mimi," alisema. "Nimezima meni swichi. Kama kila siku."

Aliyejibu ni Candida. "Asante, mzee. Umetuokolea siku nne."

Akavuta kibodi. Kwenye kile kioo cheusi alimwomba Alpa aandike jina lake na neno la siri. Kompyuta ikakubali. Candida akaeleza kwamba haijafa, bali picha tu ndiyo haijaja. Akaita orodha ya mafaili. Ripoti ya visima ilikuwepo. Alpa akalia hapo hapo, bila aibu.

"Kwanza nakala," Candida alisema. Akachomeka flashi, akanakili ripoti. Ndipo akaagiza usasishaji uendelee. Kompyuta ikakataa, ikaandika kwamba kazi ya mwanzo ilikatizwa, na ikataja amri ya kuandika: dpkg --configure -a.

"Watu wanayaogopa maandishi haya, wanakimbilia fomati," alisema. "Yasome. Mara nyingi dawa iko humo humo. Huu ni kama mzigo mpya wa dukani. Vifurushi vimefunguliwa, mtu akazima taa kabla havijapangwa rafuni. Tunawasha taa, tunamalizia kupanga."

Akaiandika amri ile, mistari ikakimbia kiooni. Kifurushi kimoja kiligoma, kwa sababu faili lake liliharibika umeme ulipozimwa. Candida alilifuta, akaandika amri nyingine, apt-get -f install, likaletwa jipya kwa intaneti. Saa kumi na moja jioni picha ilirudi. Printa nayo ikaitika. Kurasa sabini na nne zikatoka, na Mzee Chandu akazipanga mwenyewe, polepole, moja baada ya nyingine, akazibana.

Ripoti ilifika chuoni Jumanne kabla ya saa nne, na Alpa alifaulu. Siku hizi kila kazi yake ina nakala mbili, na flashi moja inaning'inia kwenye funguo za Champaben.

Miezi miwili baadaye Alpa alisasisha mfumo tena. Safari hii alimwambia baba yake. Saa saba ilifika, mlango haukulia. Saa saba na robo, Abbasi, muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara, alivuka kuuliza kama mzee anaumwa. Alimkuta kwenye stuli mbele ya kioo, sahani mapajani, anakula dali huku anasoma mistari. Champaben alikuwa amesimama kando, mkono mdomoni. Hakuwa amewahi kumwona mume wake akila nje ya meza yake.

"Inamalizia kupanga," Mzee Chandu alimwambia Abbasi.

Saa nane kasorobo kompyuta iliandika kuwa imemaliza. Mzee Chandu akafuta mikono, akaizima kwa utaratibu. Akaenda kwenye meni swichi, akainua mkono, akasimama.

"Kuna kitu kingine kinafanya kazi humu?" aliuliza.

Akasubiri mpaka Alpa alipojibu kwamba hakuna.