Pua ya Pikapu

Mambo yote yaliharibika Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, asubuhi, katikati ya mlima, mbele ya ofisi ya barabara. Pikapu yangu ilichemsha. Nyuma ilikuwa imebeba viti vya harusi. Mbele ilitoa moshi mweupe kama birika lililosahauliwa jikoni.

Viti ni vya binti yangu. Anawakodishia watu wenye shughuli. Mimi ndiye dereva wake. Mtaani wananiita Mzee Lawama, eti kwa sababu kila jambo nawalaumu wakubwa. Sasa niwalaumu akina nani, wadogo?

Siku ile niliwalaumu kwa sauti. Barabara ya mlima ule ni mashimo matupu. Huwezi kwenda ila kwa gia ya kwanza, gari linalia kama mgonjwa. Na wenye barabara wamekaa ofisini palepale, madirisha yamefungwa.

Nikaona nipunguze mzigo. Nikashusha viti kimoja kimoja, nikavipanga kando ya barabara. Kabla sijamaliza kushusha, wapita njia walikuwa wameshakalia.

"Kuna nini hapa?" mmoja akamuuliza mwenzake.

"Sijui. Ila kuna viti."

Nikavua koti, nikalizungushia kifuniko cha rejeta ili nikifungue. Ghafla mtu akanipiga mkononi kwa kikapu cha sokoni.

"We mzee! Toa mkono hapo!"

Alikuwa Mama Breki, jirani yangu. Miaka mingi ameendesha malori ya mizigo, sasa amestaafu. Alikuwa pia rafiki mkubwa wa marehemu mke wangu, kwa hiyo anajiona ana haki ya kunipiga.

"Nataka kuongeza maji," nikasema.

"Unataka kuoga maji ya moto na suruali yako? Hayo maji yamebanwa humo ndani. Ukifungua sasa yatakurukia usoni. Zima injini, inua boneti, kisha ukae usubiri ipoe."

"Nikae wapi? Viti vimejaa."

Tulisubiri tukiwa tumesimama. Harusini nako walisimama. Bwana harusi alisimama, wazee walisimama, na bibi harusi akakalia kreti la soda. Viti vilipofika, watu walikuwa wanaagana.

Jioni binti yangu alikuja uani. Hakupiga kelele. Mama yake naye alikuwa hivyo: akinyamaza, jua umekwisha.

"Baba," akasema, "shangazi wa bibi harusi ametutangaza mji mzima. Jumamosi ijayo tuna mahafali ya shule. Pikapu ikichemsha tena, naiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

"Uuze gari la mama yako?"

"Mama angekubali. Mama hakupenda aibu."

Pikapu ile tuliinunua mimi na mke wangu tukiwa na nguvu zetu. Kiti cha abiria bado kina mto aliousuka mwenyewe. Kimebonyea pale alipokuwa anakaa. Nikimpa mtu lifti, humkalisha nyuma, hata mvua ikinyesha. Watu wakikate kile kiti kwa misumeno, wakiuze kwa kilo? Labda wakate na mimi.

Kesho yake asubuhi Mama Breki aligonga geti. Alikuwa na ndoo, kitambaa na brashi.

"Binti yako kanieleza," akasema. "Weka chini kikombe hicho cha chai. Leo utafanya kazi."

"Gari ni zee tu," nikamwambia. "Na mafuta wanayotuuzia siku hizi, wakubwa wameyaachia yachakachuliwe..."

"Jirani, wewe mwenyewe ni mzee. Mbona hatukupeleki kwa wanunuzi wa vyuma?"

Akainua boneti. Injini ilikuwa baridi, tangu jana haijawashwa. Akasema hivyo ndivyo inavyotakiwa: gari hukaguliwa asubuhi, likiwa limepoa na limesimama pahali tambarare. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Soma hapa. Kuna alama ya chini na alama ya juu. Oili inatakiwa iwe katikati ya hizo mbili. Yako iko wapi?"

"Siioni."

"Hata mimi siioni."

Tukaongeza oili kidogo kidogo, huku tukipima, maana ikizidi nayo ni hasara. Tukahamia kwenye betri. Vichwa vyake vilikuwa vimeota ungaunga mweupe. Akanifundisha kufungua kwanza waya wa hasi, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Akasugua kwa mswaki na maji ya moto mpaka vichwa vikang'aa.

"Huo mswaki umeutoa wapi?" nikamuuliza.

"Bafuni kwako. Si ule wa zamani?"

"Ninao mmoja tu!"

"Basi leo umekuwa wa zamani."

Matairi yalikuwa hayana upepo wa kutosha. Akasema tairi laini hulilazimisha gari kuvuta kwa nguvu, na injini huchoka bure, hasa mlimani. Kisha akafungua kifuniko cha rejeta, maana sasa kilikuwa baridi. Ndani mlikuwa na maji machache yenye rangi ya kutu.

"Umekuwa ukiweka maji gani?"

"Ya bomba."

"Maji ya bomba huacha chumvi na kutu, yanaziba njia. Weka maji maalumu ya rejeta, yale ya dukani yenye rangi. Yanapoza, na yanazuia kutu."

"Na mabomba hayo nani kayaacha yaoze? Si wakubwa?"

"Mzee Lawama, nimechungulia humu ndani ya rejeta. Sijamwona mkubwa hata mmoja."

Nikakasirika. Nikamwambia pikapu hii haikuwahi kuchemsha hata siku moja mke wangu alipokuwa hai, na barabara ilikuwa ileile. Kwa hiyo ni umri.

Mama Breki akaacha kazi. Akajifuta mikono polepole.

"Jirani, hivi hukujua? Marehemu alikuwa akiinua hii boneti kila asubuhi. Anatazama maji, anatazama oili, anaosha rejeta. Nilimfundisha mimi. Wewe ulikuwa ndani, na chai yako na redio yako, ukiwatukana mawaziri. Ulidhani maji yanajijaza?"

Nilitazama ule mto kwenye kiti. Kweli, nilizoea kumkuta ameshakaa pale, mikono inanukia sabuni. Siku zote nilidhani ameosha vyombo.

"Hakuniambia," nikasema.

"Angekuambia saa ngapi? Redio ilikuwa juu."

Tukasafisha rejeta. Vibati vyake vyembamba vilikuwa vimejaa panzi, manyoya na vumbi. Panzi wengine nadhani walikuwemo tangu uchaguzi uliopita. Tulimwaga maji taratibu kutoka upande wa injini kuja mbele, bila nguvu, ili vile vibati visipinde.

Nikadhani tumemaliza. Mama Breki akazunguka mbele ya gari, akashika kiuno.

"Na hili dude?"

Lilikuwa bango langu. Nililitengeneza mwenyewe kwa ubao mpana, baada ya mazishi, siku zile ambazo sikuwa na wa kuongea naye. Nikalipaka rangi nyeupe, nikaandika kwa rangi nyekundu, nikalifunga kwa waya mbele ya pikapu, kutoka taa hadi taa. Lilisema: WAKUBWA, BARABARA HII MTAIJENGA LINI?

"Hilo haliguswi," nikasema. "Hiyo ni sauti ya wananchi."

"Basi sauti ya wananchi imeziba pua ya gari."

"Pua gani?"

"Washa injini."

Nikawasha. Akafungua waya, akaegemeza bango ukutani. Akachukua kitambaa chepesi, akakisogeza mbele ya rejeta. Kitambaa kilivutwa, fyuu, kikanata palepale kama kimegundishwa.

"Unaona? Feni inavuta upepo. Gari linapumua hapa. Upepo unapita kwenye rejeta, maji yanapoa."

Akalirudisha bango pale mbele, akaweka kitambaa juu yake. Kitambaa kikaanguka chini kama jani.

Binti yangu alikuwa ametoka mlangoni. Alitazama kitambaa, akanitazama mimi.

"Baba! Yaani umelikaba gari mwenyewe?"

"Sikulikaba mimi," nikasema. "Wangejenga barabara, ningeandika bango? Iliyolikaba ni ofisi ya barabara!"

Walicheka mpaka Mama Breki akakalia ndoo. Mimi sikucheka. Nilisema kweli tupu.

"Sikia," Mama Breki akasema alipopata pumzi. "Sikuambii ulitupe. Lifunge nyuma, kwenye mlango wa bodi. Pale mbele nani analisoma? Mtu anakuja, anapishana nawe, amekwenda. Nyuma, kwenye mashimo yale, atakayekwama nyuma yako atalisoma herufi kwa herufi."

Nikafikiri. Yule mama, hata kama ni mchokozi, ana akili.

Wiki ile kila asubuhi niliinua boneti. Redio niliizima, kwa kuwa huwezi kusikia injini vizuri ukiwa unasikiliza waziri. Kisha tukaongeza kitu kipya kimoja: geji ya joto, kwa sababu ya zamani ilikufa mshale ukiwa umelala. Fundi umeme aliifunga mbele ya usukani.

"Mshale ukikaa katikati, endelea," akasema Mama Breki. "Ukipanda kuelekea kwenye nyekundu, simama, zima. Usijifanye shujaa."

Jumamosi ya mahafali tulipakia viti. Kwa mara ya kwanza nilimwambia binti yangu akae kwenye kiti cha mama yake. Alikaa taratibu, kama mtu anayekalia mayai.

Tukaanza mlima. Gia ya kwanza. Pikapu ikalia.

"Mshale uko wapi?" nikauliza.

"Katikati."

Shimo. Shimo lingine. Viti vikagongana huko nyuma.

"Na sasa?"

"Katikati, baba. Tazama barabara!"

"Barabara gani ya kutazama?"

Tulipita mbele ya ofisi ya barabara, tukafika juu. Binti yangu aliupapasa ule mto. Shuleni tulipanga viti wageni wakiwa bado nyumbani wanapiga pasi. Mwalimu mkuu alikodi hapohapo kwa ajili ya mwakani. Kurudi, binti akasema, "Wale wa vyuma chakavu nitawaambia wasije." Nikajifanya vumbi limeniingia machoni, na vumbi lilikuwepo kweli.

Tulipofika katikati ya mlima, tukaona gari jipya la serikali limekufa mbele ya ofisi ileile. Boneti iko juu, moshi mweupe unatoka. Bwana Mkubwa wa barabara mwenyewe alikuwa amevua koti, anazungushia kifuniko cha rejeta.

Nikafunga breki, nikaruka chini, nikampiga mkononi kwa kofia.

"Toa mkono hapo! Unataka kuoga na tai?"

Alishtuka. Nikamweleza yote: maji yamebanwa, subiri yapoe, ukifungua sasa utaungua uso.

"Lakini gari ni jipya," akasema.

"Nani hukagua maji asubuhi?"

"Dereva."

"Yuko wapi?"

"Likizo."

"Pole," nikamwambia, na nilimaanisha. Najua ilivyo mtu wako wa kukagua maji asipokuwepo.

Binti yangu akashusha kiti kimoja, akakifuta vumbi, akakiweka nyuma ya pikapu yetu penye kivuli. "Kaa, mzee. Injini itachukua muda kupoa."

Bwana Mkubwa akakaa, akavuta pumzi, akainua macho. Mbele yake hapakuwa na kitu kingine cha kutazama ila mlango wa bodi. Niliona midomo yake ikienda, herufi kwa herufi. Akatazama kushoto, kuna shimo. Akatazama kulia, kuna shimo. Akarudi kwenye bango.

"Umelisoma?" nikamuuliza.

"Nimelisoma."

"Haya?"

Akalegeza tai. Akageuka kulitazama gari lake.

"Limeshapoa?"

"Bado," akasema binti yangu, akashusha ndoo garini, akaikalia karibu naye. "Tuna muda wa kutosha, mzee. Barabara hii mtaijenga lini?"